Kikaango cha chuma cha zamani: Bei iko chini yake, hatari iko ndani yake

Fikiria vikaango viwili vyeusi vya chuma juu ya meza ya mnada wa vitu vilivyotumika, jimbo la Ohio au Pennsylvania nchini Marekani. Ukubwa ni ule ule. Vyote vina mafuta yaliyogandamana na kutu pembeni. Kimoja kinaondoka kwa dola chache, kingine kinagombewa mpaka mamia ya dola.

Tofauti yao huioni ukivitazama kwa juu. Ndiyo maana mnunuzi anayeijua kazi hii, kitu cha kwanza anachofanya ni kukigeuza kikaango.

Lakini kuna swali moja ambalo sehemu ya chini haiwezi kulijibu, na ni kubwa kuliko bei: kabla hakijafika hapa, kilitumika kufanya nini? Wapo waliokaangia mayai. Na wapo walioyeyushia risasi.

Chuma hiki ni kipi?

Vyombo vinavyotafutwa ni vya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Ni vizito na vinachelewa kupata moto, ila vikishapata vinautunza. Kikitunzwa vizuri, chombo kimoja kinapita miaka 100 na bado kinapika.

Udhaifu wake ni kwamba hakibonyei kama alumini. Kikianguka kwenye sakafu ngumu, au kikimwagiwa maji baridi kikiwa cha moto, kinaweza kupasuka.

Mwaka 1707, Mwingereza Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga, njia iliyosaidia vyombo hivi kuwafikia watu wa kawaida. Hata hivyo viliendelea kuhesabiwa kama mali. Mary Ball Washington, mama yake Rais wa kwanza wa Marekani, alivitaja vyombo vyake vya jikoni vya chuma kwenye wosia wake wa mwaka 1788, wajukuu wavirithi.

Kwa nini watu wanavikusanya?

Majina matatu yanatajwa kila mara. Griswold ilianzia mjini Erie, Pennsylvania, mwaka 1865. Wagner ilianza Sidney, Ohio, mwaka 1891. Ya tatu ni Lodge, iliyoanzishwa na Joseph Lodge mwaka 1896 huko South Pittsburg, Tennessee.

Kisha ikaja alumini, na baadaye vikaango visivyoshika chakula. Vyepesi, rahisi kuosha. Chuma kikasukumwa nyuma ya kabati. Kiwanda cha Griswold pale Erie kikafungwa mwaka 1957. Lodge bado inazalisha mpaka leo.

Kwa hiyo Griswold ya Erie haitengenezwi tena, na zilizopo haziongezeki. Isitoshe, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani walihimizwa kutoa vyuma vya nyumbani viyeyushwe kwa ajili ya vita. Adimu hupanda bei.

Sababu ya pili ni ya jikoni kabisa. Viwanda vingi vya zamani vilisaga sehemu ya ndani ya kikaango mpaka ikawa laini. Vikaango vingi vya leo huachwa na vipunje vidogo vinavyotokana na mchanga wa kalibu. Wanaopenda vya zamani wanasema yai huteleza vizuri zaidi kwenye uso laini, tena chombo chenyewe mara nyingi ni chembamba na chepesi kidogo.

Kusoma sehemu ya chini

Haya ndiyo mambo ambayo wakusanyaji huyatazama:

• Kovu la mstari. Kama katikati kuna mstari uliovimba au uliosagwa, hapo ndipo chuma kilipoingilia kwenye kalibu. Mara nyingi ni dalili ya chombo cha karne ya 19.

• Jina na mji. Griswold ya zamani ina neno "Erie", na nyingi zina msalaba ndani ya duara. Baada ya 1957 jina liliuzwa, na vikaango vilivyofuata havikuandikwa tena Erie. Jina lile lile, bei tofauti kabisa.

• Namba. Namba 8 haimaanishi inchi 8. Ilihusu ukubwa wa tundu la jiko la kuni au makaa ya mawe. Kikaango namba 8 kina upana wa karibu sentimita 27.

• Maneno "Made in USA". Kwa kawaida yanaonyesha kikaango ni cha miaka ya 1960 kuja huku.

• Pete. Vingi vya zamani vina mkanda ulioinuka kuzunguka kitako, ili vikae vizuri juu ya tundu la jiko.

Kuna alama moja inayowakosesha wakusanyaji usingizi: buibui aliye kwenye utando wake, iliyowekwa kwenye baadhi ya vikaango vya Griswold vya mwishoni mwa karne ya 19. Kikaango halisi chenye buibui huyo huvuka dola 1,000.

Feki nazo zipo

Palipo na pesa, wajanja hawakosekani. Mtu anachukua kikaango halisi, anakitumia kutengeneza kalibu, kisha anasubu kipya chenye jina la zamani.

Kinachomuumbua ni fizikia. Chuma hupungua kikipoa, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko chombo halisi. Herufi zinakuwa hafifu na uso unakuwa na mikwaruzo. Ndiyo maana wakusanyaji makini hutembea na futi kamba, na wengine huuliza kwanza kwenye vyama vyao, kama Wagner and Griswold Society, kabla ya kutoa hela.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio mawili ya haraka. Kiweke kwenye meza iliyonyooka: kikicheza, kimepinda. Kisha kining'inize na ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Kikitoa sauti ya kufa, tafuta ufa.

Sasa, ile hatari

Kiswahili chenyewe kimeshatoa dokezo. Risasi ni ile ya bunduki, na risasi ni jina la madini. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiyeyusha madini hayo nyumbani ili kutengeneza risasi za bunduki au vizito vya nyavu na ndoana. Walihitaji chombo kinachohimili moto. Kikaango cha chuma kilikuwa karibu.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, wakati chuma cha kusubu kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,100. Kikaango hakidhuriki hata kidogo, na unaweza kukikuta miaka 50 baadaye kikionekana kizima, kumbe mabaki ya risasi yapo kwenye uso wake.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu risasi huathiri ubongo unaokua. Kwa mjamzito, inaweza kumfikia mtoto tumboni.

Na hili si jambo la kufikirika tu, kwa sababu chuma huachia chembe zake kwenye chakula. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 kwenye jarida la tiba la The Lancet uliwafuatilia watoto waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma. Upungufu wa damu ulishuka zaidi kwao kuliko kwa waliolishwa chakula cha kwenye vyungu vya alumini. Hiyo ni faida ya madini ya chuma. Lakini chungu kikiwa na risasi, nayo ina nafasi ya kuingia kwenye chakula.

Ufanye nini?

Uliza historia ya chombo. Kilikuwa jikoni, au kilikuwa stoo pamoja na zana za uvuvi na uwindaji? Tazama kama kuna matone ya kijivu yanayong'aa, hasa kwenye vyungu vidogo na vijiko vikubwa vya chuma. Ukikwangua kidogo kwa kisu na ikatoka laini, acha.

Vipo vijiti vya kupima risasi ambavyo hubadilika rangi. Vinasaidia, ila vinaweza kukosea, na vipimo vya maabara ndivyo vya kuaminika zaidi. Kikigundulika kina risasi, usijaribu kukisugua au kukichoma ili ukisafishe. Kukichoma kunaweza kuirusha risasi hewani. Kama ni kizuri sana, kitundike ukutani na usikipikie tena.

Kukifufua bila kukiharibu

Kama historia yake ni safi, kutu si mwisho wake. Wengi hutumia kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, kuondoa mafuta yaliyogandamana. Inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, na isikutane na chombo cha alumini. Kutu hutolewa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika chache huku ukiangalia, maana siki ikizidi inakula chuma chenyewe.

Kosa kubwa ni kukitupa kwenye moto mkali ili uchafu uungue. Kinaweza kupinda, kupasuka, au kubaki na rangi nyekundu isiyoshika mafuta tena. Thamani inaishia hapo.

Kikishakuwa safi na kikavu, kipake mafuta ya kupikia, kisha uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 230 hivi kwa saa moja, kikiwa kimefunikwa kifudifudi. Mafuta hugeuka utando mgumu unaoshika kwenye chuma. Rudia mara tatu au nne. Baada ya hapo, sabuni kidogo ya vyombo haikidhuru. Kukiacha kwenye maji usiku kucha ndiko kunakokidhuru.

Na huku kwetu?

Griswold yenye buibui si kitu cha kutarajia stoo ya bibi Tanga au Mombasa. Lakini chuma cha kusubu kipo: pasi ya mkaa, mashine ya mkono ya kusagia nyama. Vingi huishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu, vikipimwa kwa kilo.

Kabla hakijapanda mzani, kigeuze. Tafuta jina, mji, namba. Mnunuzi wa skrepa analipia uzito tu, maandishi hayo hayalipii. Na kama ni chombo cha kupikia, muulize aliyekuwa nacho swali lile lile la kule Ohio: kilitumika kufanya nini?