Uvira: Siku chache kabla ya kura, bado sijajua nitamchagua nani

Tunakaribia tarehe 20 mwezi wa 12, 2023, na mimi mkaaji wa Uvira bado sijajua kidole changu kitagusa picha ya nani kwenye mashine ya CENI. Orodha ya wagombea wa urais ilikuwa na majina 26, wakiwemo wanawake wawili, Marie-Josée Ifoku na Joëlle Bile. Tangu kampeni ifunguliwe tarehe 19 mwezi wa 11, tunawasikia kwenye redio na simu, kila mmoja mbele ya watu wake wanaompigia kelele za furaha. Wale wakubwa hawajaketi meza moja wakaulizana.

Wenzetu wa Kenya walijaribu. Tarehe 11 mwezi wa 2, 2013, wagombea wao 8 walisimama pamoja mbele ya kamera mjini Nairobi. Kwetu, mwaka 2006, tulingojea mdahalo wa Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba kabla ya duru ya pili, haukufanyika. Mwaka 2011 katiba ikarekebishwa na duru ya pili yenyewe ikafutwa. Sasa anayetangulia ameshinda, hata akiwa mbali na nusu ya kura. Katika uchaguzi wa 2018, Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38,57 na Martin Fayulu akapewa 34,83.

Nianze na Rais anayetetea kiti chake. Masomo ya bure ya shule ya msingi, tangu 2019, ni jambo ambalo mzazi mwenye watoto wanne hawezi kulidharau, hata kama madarasa yamejaa kupita kiasi. Pia ana Vital Kamerhe, mtoto wa jimbo letu, pembeni yake. Lakini M23 iliteka Bunagana mwezi wa 6, 2022, na hadi leo haijatoka. Tarehe 8 mwezi huu, akiwa Bukavu, alimfananisha Paul Kagame na Hitler. Hasira hiyo wengi wetu tunayo. Mimi ningemwuliza kuhusu barabara ya taifa namba 5, kutoka Bukavu kupita Kamanyola, Luvungi na Sange mpaka hapa: nani ataitengeneza, na kwa pesa gani?

Kinachonisumbua zaidi kwake ni kuwaita wapinzani wagombea wa wageni. Huku kwetu neno kama hilo halitupwi ovyo. Kutoka milima ya Minembwe hadi bonde la Ruzizi, swali la nani ni Mukongomani na nani siye limeua watu wa kila upande, na wengine bado wako kambini.

Moïse Katumbi hahitaji mkalimani akija Mashariki, na hilo linamsaidia sana. Aliongoza Katanga tangu 2007 hadi 2015, na TP Mazembe tunaijua wote. Matata Ponyo, Delly Sesanga, Seth Kikuni na Franck Diongo wamejiondoa wakamuunga mkono. Tatizo langu ni hili: Katanga ina shaba na kobalti. Sisi tunaishi kwa ndagala, mashamba ya bondeni na mpaka wa Kavimvira. Aliyeongoza jimbo lenye migodi ataongozaje mji ambao kiwanda chake cha sukari, kule Kiliba, kilisimama vita vilipoanza mwaka 1996?

Fayulu namheshimu kwa kutobadilika. Mwaka 2018 wakubwa saba wa upinzani walikutana Geneva wakamchagua yeye awe mgombea mmoja, na kesho yake Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Safari hii wajumbe walikwenda Pretoria, lakini yeye na Denis Mukwege wakabaki kila mtu kwenye njia yake. Ila chama cha Fayulu hakikuweka wagombea wa ubunge. Akishinda, sheria zake zitapitishwa na nani?

Mukwege ndiye anayenigusa moyo. Kabla ya Panzi, kabla ya tuzo ya Nobel ya 2018, alitibu wamama Lemera, hapa kwenye teritwari yetu, katika hospitali ambayo wagonjwa na wauguzi wake waliuawa tarehe 6 mwezi wa 10, 1996. Anadai mahakama ya kuhukumu jinai hizo. Lakini hana chama chenye mashahidi wa kukaa kwenye kila ofisi ya kura hadi usiku, na kwa duru moja kura yangu inaweza kumfaidia yule nisiyemtaka.

Mafuriko je? Mwezi wa 4, 2020, mto Mulongwe uliingia mjini, ukabeba nyumba na watu. Ziwa nalo lilipanda likafika kwenye milango ya watu wa kando. Katika hotuba zote nilizozisikia kwenye redio, hakuna hata moja iliyotaja Mulongwe wala Kalimabenge, na mvua za mwezi huu zimeshaanza.

Siku zilizobaki nitasikiliza tena, hasa Katumbi na Mukwege, maana kati ya hao wawili ndipo ninapovutana na mke wangu kila jioni. Yeye ameshaamua kwenda Lemera, kama anavyosema. Wakati huohuo kadi za uchaguzi za watu wengi zimefifia hadi jina halisomeki, na ambaye hajapata nakala afuate mapema, asingojee asubuhi ya kura.