Paneli Inayodumu Ndiyo Paneli Salama

Chanzo cha maji cha Ihelele, wilayani Misungwi, huvuta maji ya Ziwa Victoria na kuyapeleka hadi Shinyanga na Kahama, hivyo uchafu unaoingia ziwani hapa ni jambo la wengi. Tuzipime kwa jicho hilo paneli za sola za perovskaiti, yaani fuwele zinazofyonza mwanga. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitengeneza seli za aina hiyo zilizogeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme; leo seli za maabara zimepita asilimia 26, zikishindana na silikoni, na hazihitaji tanuri kali kama yake. Ila unyevu, joto na miale ya urujuanimno huzivunja fuwele zake, na ndani ya fuwele hizo mna risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto.

Uimara na usalama hujadiliwa kila kimoja peke yake, lakini mzizi wake ni mmoja: maji yakipenya, umeme hupungua na risasi huyeyuka. Ndiyo maana watafiti huifunga seli kati ya vioo viwili, huziba kingo zake, na huongeza tabaka la kunasa risasi kioo kikipasuka. Kutumia madini ya bati, kama yanayochimbwa Kyerwa, badala ya risasi hakujamaliza tatizo, kwa kuwa seli hizo huharibika upesi zaidi zikiguswa na hewa.

Wapo wanaosema risasi yenyewe ni chini ya gramu moja kwa mita ya mraba, ilhali betri ya gari ina kilo kadhaa. Ni kweli, lakini betri hizohizo zinatuonya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwadhuru wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Madhara yalitoka kwenye betri zilizokwisha kazi. Wengine watasema maskini anahitaji umeme wa bei nafuu sasa. Anauhitaji, na silikoni inayodumu zaidi ya miaka 20 tayari iko madukani. Paneli itakayokufa mapema itamgharimu mara mbili.

Kwa hiyo Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) yadai mambo mawili kabla ya paneli hizi kuuzwa: ushahidi kwamba zimehimili jaribio la saa 1,000 kwenye nyuzijoto 85 na unyevu wa asilimia 85, na mwagizaji anayewajibika kisheria kuzikusanya zikichakaa.