Fahamu: Kwa nini miamba iliyo jirani na Dubai inalindwa

Ukitoka Dubai mjini kwenda Hatta unapokewa na milima ya Hajar, miamba mikavu ya rangi ya kahawia iliyokoza. Zamani ilikuwa chini ya bahari. Takriban miaka milioni 95 iliyopita, sakafu ya bahari ilianza kusukumwa juu ya ukingo wa Bara Arabu. Ndiyo maana hapa, na katika nchi jirani ya Oman, mtu anaweza kugusa kwa mkono mwamba uliotoka chini ya ukoko wa dunia. Ni nadra sana kwingineko.

Tatizo ni kwamba milima hiyohiyo huchimbwa kokoto za ujenzi. Mwamba ukishasagwa, haurudi.

Emirati jirani ya Sharjah imechagua kuilinda miamba kwa kuelimisha. Hifadhi ya Jiolojia ya Buhais, iliyofunguliwa 2020, ina majengo ya mviringo yaliyobuniwa kwa kuiga visukuku vya viumbe wa baharini wenye miiba, ambavyo vimo kwenye mawe ya papo hapo. Mgeni huelezwa ndani, kisha hufuata njia ya nje akayaone mawe yenyewe. Naamini hilo lina nguvu kuliko bango lolote la “usiguse”. Julai 2025, eneo jirani la Faya liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwa ushahidi wake wa watu wa kale.

Kwetu, Ngorongoro-Lengai nchini Tanzania ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki, yaani hifadhi ya jiolojia, mwaka 2018. Shule zetu ziwapeleke watoto huko wakaone miamba, si wanyama tu.