Je, wajua? Mlango wa ndege ndogo ukifunguka angani, ndege haianguki

Piper PA-28, ndege ya viti vinne iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1960 na ambayo marubani wengi wamejifunzia kazi, ina mlango mmoja tu, upande wa kulia juu ya bawa. Mlango una makomeo mawili: moja ubavuni, jingine juu karibu na dari. La juu ndilo husahauliwa. Jua likiwa kali, rubani huuacha mlango wazi kidogo ndege ikiwa bado chini, apate hewa. Kisha huuvuta, komeo la ubavuni likashika, akadhani kazi imekwisha.

Ndege ikishaacha ardhi, pa! Mlango unaachama kwa juu, upepo unanguruma masikioni, karatasi zinapeperuka. Makelele hayo yanatisha kuliko hatari yenyewe. Mwaka 2024 Boeing 737 ya Alaska Airlines ilipong'oka kizibo cha mlango, hewa ilifumuka kwa kishindo kwa sababu ndani ilikuwa imeshindiliwa. PA-28 haishindiliwi hewa. Tena bawaba zake ziko mbele, kwa hiyo upepo unaousukuma mlango ujifunge unashindana na hewa iendayo kasi nje, inayouvuta ufunguke. Mwisho mlango unatulia ukiwa wazi sentimita chache, na ndege inapungua mwendo kidogo tu.

Kinachoua ni pupa ya kuukimbilia. Rubani huketi kushoto. Akifungua mkanda ili aufikie, macho yanaacha vipimo, pua ya ndege inapanda, mwendo unakwisha, na chini hakuna nafasi ya kujiokoa. Kitabu cha mafunzo cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kinamwambia asibabaike: asikate kona kali karibu na ardhi, wala asiache hata hatua moja ya orodha ya kutua.

Akishapanda vya kutosha, anaweza kujaribu kuufunga. Anapunguza mwendo hadi noti 87 hivi, yaani kilomita 160 kwa saa, anaziba matundu ya hewa na kufungua kidirisha cha upande wake ili msukumo wa ndani upungue, ndipo anauvuta mlango na kuukomea. Ukigoma, auache ugongegonge, azunguke uwanja na kutua kama siku zote. Ila ndege ikiserereka kiubavu kuelekea upande wa mlango, utaachama zaidi. Ikiserereka upande wa pili, huenda upepo ukaurudisha wenyewe.