Simbakubwa si simba: Kiswahili katika majina ya wanyama wa kale

MWAKA 2019, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Ohio, Matthew Borths na Nancy Stevens, walimtangaza kwa ulimwengu mnyama aliyekuwa amelala kwa miongo kadhaa ndani ya droo katika makavazi ya Nairobi. Sehemu kubwa ya taya yake, vipande vya fuvu na mifupa mingine michache vilikuwa vimechimbuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 1978. Walimpa jina Simbakubwa kutokaafrika.

Msomaji wa ukumbi huu bila shaka amekwisha kukunja uso. Mbona si 'simba mkubwa'? Simba ni nomino ya ngeli ya A-WA na kivumishi -kubwa hakina budi kupokea m-. Mtahiniwa akiandika 'simba kubwa' katika insha yake atatiwa wino mwekundu. Hiyo 'simba kubwa' tunaisikia kila siku kwenye matatu na sokoni, lakini hatukuitarajia katika jarida la kisayansi.

Nitairudia sarufi baadaye. Kwanza tumtazame mnyama mwenyewe, kwa sababu jina lake lina tatizo jingine kubwa zaidi ya lile la upatanisho: Simbakubwa hakuwa simba. Hakuwa hata wa ukoo wa paka. Alikuwa hayenodonti, kundi la wala nyama lililotoweka kabisa na ambalo halikuacha kizazi. Aliishi takriban miaka milioni 22 iliyopita, kabla ya simba tunaowajua kuwako.

Sasa, mtu anajuaje hayo kwa kutazama taya lililogeuka jiwe? Jibu limo katika meno. Simba, chui, fisi na mbwa wana jozi moja tu ya meno ya kukatia nyama kila upande wa kinywa, la juu na la chini yakipishana kama mkasi. Hayenodonti alikuwa na jozi kadhaa za namna hiyo, moja nyuma ya nyingine. Mtaalamu akiona magego ya nyuma yamechongoka kama visu badala ya kuwa bapa au kutokuwepo, anajua yuko mbele ya ukoo mwingine kabisa. Magego ya huyu wa Meswa yalikuwa hayajalika sana, ishara kwamba alikufa angali kijana.

Lakini mfupa nao una mipaka yake, na hapa ndipo magazeti hupenda kuongeza chumvi. Uzito wa mnyama aliyetoweka hukadiriwa kwa kupima meno au mifupa yake kisha kulinganisha na wanyama walio hai. Kwa Simbakubwa, kanuni moja inakupa kilo 280 hivi. Ukitumia kanuni nyingine unapata zaidi ya kilo 1,000. Meno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mnyama wa kulinganisha naye. Vichwa vya habari, bila shaka, vilichagua ile namba kubwa.

Hebu tulitaje neno lenyewe: kisukuku. Wengi wetu tumelijua kupitia mijadala ya tabianchi, katika 'mafuta ya kisukuku', hata kuna wanaodhani kwamba petroli wanayotia garini ni dinosaria waliokamuliwa. Sivyo. Mafuta hayo yalitokana hasa na viumbe vidogo sana vya baharini. Kisukuku cha mnyama ni kitu tofauti: mnyama anakufa, anafunikwa upesi na matope au mchanga kabla fisi na mvua havijamtawanya, kisha maji yenye madini yanapenya mifupa polepole hadi inakuwa mawe. Wanyama walio wengi hawapati bahati hiyo. Wanaoza, yanaisha.

Umri wake nao hausomwi kwenye mfupa. Ile mbinu ya kaboni tunayoisikia sana haifiki mbali zaidi ya miaka elfu hamsini hivi. Kinachopimwa ni jivu la volkano lililo juu au chini ya tabaka ambamo mfupa umelala: potasiamu iliyomo hugeuka kuwa gesi ya agoni kwa mwendo unaojulikana, na kwa kupima kiasi cha gesi hiyo unapata umri. Bonde la Ufa lilitapika majivu kwa mamilioni ya miaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya visukuku vya Turkana kuwa na tarehe za kuaminika.

Kenya, kwa kweli, si nchi ya dinosaria sana. Mabaki yao yapo katika milima ya Lapurr, Turkana, ila miamba yetu mingi yenye visukuku ni michanga mno kwao. Ukiwataka hao vuka mpaka, uende kusini mwa Tanzania. Huko ndiko Kiswahili kimemwaga majina.

Yupo Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, aliyetangazwa mwaka 2019. Alionekana kwenye ukingo wa mto Mtuka, kusini-magharibi mwa Tanzania, na baadhi ya pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Soma jina taratibu: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Sarufi yake haina kasoro, na jina zima linakuambia alikotoka na alama ya kumtambulisha. Binamu yake, Shingopana songwensis wa mwaka 2017, naye yuko sawa, kwa kuwa shingo ni ya ngeli ya I-ZI na 'shingo pana' haidai kiambishi. Asilisaurus kongwe wa mwaka 2010 ni chotara: asili yetu imeunganishwa na neno la Kigiriki la mjusi. Si dinosaria kamili kwa maoni ya wataalamu wengi, ila ni jamaa yao wa karibu sana.

Anayenigusa zaidi ni Mambawakale ruhuhu. Fuvu lake, lenye urefu wa zaidi ya sentimita 75, lilichimbuliwa katika bonde la Ruhuhu mwaka 1963 na msafara wa Waingereza, likapelekwa London. Lilikaa huko karibu miaka sitini bila jina rasmi. Lilipopewa jina mwaka 2022, waandishi walieleza kwamba wametumia Kiswahili ili kuwaenzi Watanzania waliofanikisha msafara ule na ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao. (Naye si mamba hasa. Ni wa tawi pana lililowazaa mamba.)

Hali hiyo ya kutoandikwa ilianza zamani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, Lindi, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuliumiza vibaya eneo hilo. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilisafirishwa hadi Berlin, na sehemu ya safari, kutoka kilimani hadi bandarini Lindi, ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Giraffatitan aliyesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alitoka huko. Janensch na Hennig, viongozi wa uchimbaji, wanajulikana kote. Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi na fundi wao mkuu, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Wamwera wa eneo hilo nao walisubiri hadi 2019, kwa jina Wamweracaudia.

Kwa hiyo nayafurahia majina haya, lakini furaha yangu ina kasoro. Makala zilizomtambulisha Simbakubwa, Mnyamawamtuka na Mambawakale zimeandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimetumika kama kitambulisho mlangoni, kisha kikaachwa nje. Mwanafunzi wa Muhoroni anayetaka kujua kwa lugha hiyo iliyotoa jina ni nini hasa kilichoonekana kwenye taya lile, atatafuta sana. Istilahi si kisingizio. Taya, gego, pingili, nyonga, tabaka, mashapo: vyote tunavyo, na vingine tunavitumia buchani.

Turudi kwenye ile m- iliyopotea. Anayetaka kuwatetea Borths na Stevens anaweza kutaja simbamarara, neno lililomo kamusini, ambalo limeunganishwa bila kiambishi na ambalo pia halimtaji simba. Ni utetezi wa haki, ingawa marara si kivumishi kama -kubwa. Hata hivyo mjadala huo hautabadilisha chochote. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hulinda tahajia ya kwanza iliyochapishwa, na kosa la sarufi ya lugha hai si sababu ya kuisahihisha. Ndiyo maana pia Afrika imepoteza herufi yake kubwa ndani ya kutokaafrika, na hairudi.

Kilichobaki mikononi mwetu ni sentensi inayomzunguka. Ni 'Simbakubwa alikula', si 'ilikula'. Na siku wachimbaji wakimpata mwenzake mnene kumshinda, huyo atakuwa Simbakubwa mkubwa.