Watoto 103 wa Abéché: Asasi ya kulinda watoto humjibu nani?

Tarehe 25 Oktoba 2007, katika mji wa Abéché ulioko mashariki mwa Chad, maafisa wa usalama waliwakamata raia wa Ufaransa waliokuwa wakijiandaa kuwapandisha watoto 103 katika ndege ya kukodi. Walikuwa wavulana 82 na wasichana 21, na umri wao ulikuwa kati ya mwaka 1 na miaka 10. Ndege ile ilikusudiwa kutua Vatry, nchini Ufaransa, ambako familia zilizokwisha kuchangia maelfu ya yuro zilikuwa zikisubiri kuwapokea. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bendeji juu ya viungo visivyokuwa na jeraha lolote.

Asasi iliyofanya jambo hilo iliitwa L'Arche de Zoé, yaani Safina ya Zoé. Iliundwa baada ya janga la tsunami la Desemba 2004, na kiongozi wake, Éric Breteau, alikuwa mzimamoto wa kujitolea. Mwaka 2007 asasi hiyo ilitangaza kuwa itawaokoa yatima wa Darfur, eneo la magharibi mwa Sudan lililokuwa vitani tangu 2003, ambalo zaidi ya watu wake 200,000 walikuwa wamevuka mpaka na kupata hifadhi Chad. Maneno hayo yalikuwa mazuri kuyasikia. Nani angesimama hadharani kupinga yatima asiokolewe?

Tunalirejea tukio hili katika ukurasa wa familia kwa kuwa watu wa mpaka ule ni Waislamu kama sisi, na kwa kuwa maswali ambayo wazazi wale walikuja kuyauliza baada ya watoto kuchukuliwa ndiyo maswali ambayo mzazi wa Tanga, wa Kigoma au wa Lamu anapaswa kuyauliza kabla.

Baada ya watoto kuzuiwa, mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohudumia wakimbizi na watoto, pamoja na Msalaba Mwekundu, yalikaa nao na kuwahoji mmoja mmoja. Ilidhihirika kwamba 91 kati yao walikuwa wakiishi na familia zao, na kila mmoja wao alimtaja angalau mtu mzima mmoja aliyemhesabu kuwa mzazi wake. Wengi hawakutoka Darfur hata kidogo. Walitoka katika vijiji vya Chad vilivyo karibu na miji ya Adré na Tiné. Kwa maneno mengine, asasi iliyojitwika jukumu la kuwalinda watoto ilikuwa karibu kuwatenganisha na baba, mama, bibi na ami zao, na kuwapeleka katika bara jingine.

Jambo hili liliwezekanaje? Jibu limo katika namna asasi ile ilivyozungumza na kila upande. Familia za Ufaransa ziliambiwa kwamba zinawaokoa yatima kutoka katika mauaji, na kwamba watoto watafika nyumbani kwao. Serikali ya Chad haikulijua hata jina la L'Arche de Zoé. Huko asasi ilijitambulisha kwa jina la Children Rescue, ikaeleza kwamba inakusudia kuwahudumia watoto walioathiriwa na vita papo hapo nchini. Na wazazi vijijini waliahidiwa shule. Walielewa kwamba watoto watasomeshwa, tena si mbali na nyumbani. Habari ya ndege haikuwafikia.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha mkasa wote. Waliotoa fedha walipewa maelezo, hata kama maelezo hayo yalikuwa na kasoro kubwa. Waliotoa watoto hawakupewa chochote cha kushika. Hakuna aliyekwenda kuwasomea, kwa lugha wanayoielewa, hati iliyosema mtoto anakwenda nchi gani, kwa muda gani, atalelewa na nani na atarudi lini. Tukiulizwa asasi ya kulinda watoto inawajibika kwa nani kwanza, tunajibu bila kusita kwamba inawajibika kwa mtoto na kwa yule aliyemleta duniani au anayemlea. Mfadhili anafuata baadaye.

Watetezi wa asasi ile walidai mahakamani kwamba nao walidanganywa, kwamba walitegemea kauli za watu wa kati waliowahakikishia kuwa watoto wale ni yatima. Hatuoni kama dai hilo linaifuta lawama. Mtu anayetaka kumhamisha mtoto kutoka Afrika kwenda Ulaya hawezi kutosheka na neno la mjumbe mmoja. Alipaswa kukaa kijijini, kuuliza jirani kwa jirani, kuwatafuta ndugu wa baba na ndugu wa mama. Isitoshe, tahadhari zilikwisha kutolewa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ufaransa yenyewe ilionya kuhusu mpango huo miezi kadhaa kabla ya ndege kukodiwa, na familia nyingi zikaendelea kuuamini.

Kuna suala la neno pia, nalo si dogo. Katika Kiarabu tulikolitoa neno hilo, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mama yake anaweza kuwa hai, anamnyonyesha. Babu yake anaweza kuwa hai, na ami zake wanne wakaishi mtaa uleule. Anayeyazoea mazingira ya Ulaya, akisikia kwamba mtoto fulani ni yatima, humfikiria mtoto aliyebaki peke yake duniani, asiye na mlango wa kubisha. Mzee wa kijiji anaweza kusema kweli tupu kwamba mtoto huyu ni yatima, na msikilizaji akaondoka na maana nyingine kabisa. Hata hivyo, wengi wa watoto wa Abéché hawakuwa yatima kwa maana yoyote kati ya hizo mbili.

Wapo waliowalaumu wazazi. Walihoji inakuwaje mzazi amkabidhi mtoto wake kwa mgeni asiyemjua. Sisi tunawasihi wanaosema hivyo waifikirie hali ya mpaka ule mwaka 2007: vita upande wa pili, wanamgambo wanaovuka mpaka, shule hakuna au iko mbali, na mara anakuja mtu mwenye gari, dawa na biskuti, anasema mwanao atasoma. Mzazi aliyekubali alifanya lile ambalo wazazi wengi miongoni mwetu wanalifanya kila mwaka wanapompeleka mtoto bweni au kwa jamaa mjini. Alimtaka mwanawe asome. Aliyeigeuza nia hiyo njema kuwa ruhusa ya kumpakia mtoto ndegeni ndiye wa kuulizwa.

Nao waliuliza. Kesi ilisikilizwa N'Djamena mwezi Desemba 2007, na wazazi walifika kutoka mashariki ya nchi kueleza walichoahidiwa. Tarehe 26 Desemba mahakama iliwahukumu Wafaransa 6 wa asasi ile kifungo cha miaka 8 na kazi ngumu. Wenyeji wawili waliowasaidia, mmoja Mchadi na mwingine Msudani, walipewa miaka 4. Mahakama ikaamuru pia familia zilipwe fidia ya faranga za CFA bilioni 4.12, sawa na yuro milioni 6.3 hivi. Siku chache baadaye Wafaransa wale walihamishiwa kwao kwenda kutumikia adhabu huko, na tarehe 31 Machi 2008 Rais Idriss Déby akawasamehe. Wakatoka gerezani, na fidia ikiwa haijalipwa. Serikali ya Ufaransa ilishikilia kwamba deni hilo si lake.

Ufaransa nayo iliwafungulia kesi yake. Mwezi Februari 2013 mahakama ya Paris iliwatia hatiani, miongoni mwa mengine, kwa kufanya kazi ya uwakala wa kuasili watoto kinyume cha sheria na kwa kuzilaghai familia zilizochangia. Breteau na mwenzake mmoja walipewa kifungo, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikawapunguzia hadi miaka 2 ambayo hawakulazimika kuitumikia gerezani. Watoto wenyewe walikaa katika kituo mjini Abéché kwa miezi karibu 5 kabla ya kurejeshwa kwao mwezi Machi 2008. Kwa mtoto wa miaka 2, miezi 5 ni sehemu kubwa ya umri wake.

Uislamu una kumbukumbu ya baba aliyemtafuta mwanawe. Zayd bin Haritha alitekwa utotoni, akauzwa, akafika Makka katika nyumba ya Muhammad kabla ya kupewa utume. Baba yake, Haritha, alipopata habari alifunga safari pamoja na ndugu yake, akabisha hodi, akauliza habari za mwanawe. Hakufukuzwa, wala hakuambiwa kwamba mtoto anakula vizuri kuliko kwao. Zayd aliitwa, akamwona baba yake, akapewa hiari ya kuondoka au kubaki. Alichagua kubaki, na baba akaridhika kwa alichokishuhudia kwa macho yake. Baadaye iliposhuka Suratul Ahzab, ikaamrishwa kwamba watoto wanaolelewa na wengine waitwe kwa majina ya baba zao, na Zayd akarejea kuitwa mwana wa Haritha.

Juu ya msingi huo umejengwa utaratibu wa kafala. Mlezi analisha, anavisha, anasomesha na kulinda, lakini hafuti nasaba ya mtoto wala hamkatizi na jamaa zake. Sheria za dunia zimeutambua utaratibu huu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeipa nafasi. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 unaohusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unataka ridhaa ya wazazi itolewe kwa hiari, baada ya kuelezwa matokeo yake, kwa maandishi, na pasipo kununuliwa kwa malipo. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 ikaongeza kwamba umaskini peke yake si sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake. Laiti lingezingatiwa hili la mwisho, nyumba ngapi zingesaidiwa unga na ada za shule badala ya kupunguziwa watoto!

Tusielekeze kidole Ulaya tu. Katika miji yetu vipo vituo vya kulelea yatima vinavyoendeshwa na Waislamu kwa sadaka za Waislamu, na vingi vinafanya kazi ambayo malipo yake yako kwa Allah. Lakini vipo pia ambavyo mama akienda kumtembelea mwanawe hupangiwa siku na kuwekwa barazani kama mgeni. Vipo ambavyo picha ya mtoto, amevaa kanzu iliyochanika, husambazwa kwa wafadhili wa mbali bila mzazi kuulizwa. Mzazi akihoji huambiwa hana shukurani. Tunasema wazi kwamba kuhoji hakupingani na shukurani. Anayelea mtoto wa mwenzake amebeba amana, na mwenye amana huulizwa.

Sheria iko upande wa mzazi anayeuliza. Nchini Tanzania, Sheria ya Asasi Zisizo za Kiserikali ya mwaka 2002 inazitaka asasi kuandaa taarifa ya kazi zao kila mwaka na kuweka hesabu zilizokaguliwa mahali ambapo umma unaweza kuziona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na afisa ustawi wa jamii ndiye anayesimamia mtoto anapopelekwa huko. Kwa hiyo mgeni akija mtaani na habari ya kusomesha watoto, aulizwe cheti cha usajili, na jina lililomo lilinganishwe na jina analojitambulisha nalo. Kumbuka Children Rescue. Aulizwe shule iko wapi, kisha mtu mmoja wa familia apande gari akaione. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri aitwe kabla mtoto hajaondoka, siyo baada ya kupotea.

Akileta karatasi ya kutia saini au dole gumba, isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya watu wa nyumbani, baba na mama wote wawili wakiwapo ikiwa wako hai, na mjomba au ami mmoja akishuhudia. Iandikwe humo mtoto anakaa wapi, nani anamlea, likizo anarudi lini, na simu ya kumpata ni ipi. Nakala moja ibaki kwa mzazi.