Uonaji wa Mashine na Lugha ya Anayeifundisha

Roboti ya kwanza ya kiwandani, iliyoitwa Unimate, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Ilikuwa na mkono wenye nguvu, lakini ilikuwa kipofu. Ilirudia nukta ilizokwisha kufundishwa, na kifaa kikisogea pembeni kidogo tu, mkono ulishika hewa. Ili kuondoa udhaifu huo, wahandisi wa baadaye waliuunganisha mkono na kamera, na kamera na programu ya kompyuta inayofasiri picha. Makala haya yanafafanua namna programu za aina hiyo zinavyofanya kazi, na kulichunguza dai la watengenezaji kwamba siku hizi ni rahisi kutumia. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba wepesi huo haupimiki mpaka iulizwe kwanza: mwenye kuifundisha mashine anaifundisha kwa lugha gani?

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu istilahi. Wako wanaosema "maono ya mashine". Lakini maono katika Kiswahili yamekwisha kubeba ndoto za manabii na mipango ya mbali ya viongozi, mambo ambayo kamera haina habari nayo. Uonaji, yaani tendo lenyewe la kuona, unatosheleza, na ndio unaotumika hapa.

Chukulia, kwa madhumuni ya ufafanuzi tu, ghala la samaki katika kata ya Rusimbi, Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Migebuka wanapita juu ya mkanda unaotembea, na roboti inatakiwa iwaokote na kuwapanga katika kreti, vichwa upande mmoja. Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika uchambuzi wa samaki ni kazi ya mikono, na mingi ya mikono hiyo ni ya wanawake. Mgebuka ni mrefu na mwembamba. Hivyo haitoshi kujua yuko wapi, bali lazima kujua pia ameelekea wapi. Kwa kila samaki programu inapaswa kuupatia mkono tarakimu tatu: umbali wa upana, umbali wa urefu, na pembe aliyolalia. Ikiwa samaki wamerundikana, kina nacho kitahitajika, na hapo kamera moja ya kawaida haitoshi.

Jambo la kwanza ni mwanga. Samaki mbichi hung'aa, na mng'ao huo huifanya kamera ione doa jeupe pasipokuwa na kitu. Jua linaloingia dirishani asubuhi si lile la alasiri. Kwa hiyo mafundi huziba jua na kuweka taa zao wenyewe. Vitabu vingi hulipita jambo hili haraka ili kufika kwenye hesabu, ilhali kushindwa kwingi kwa mitambo hii huanzia kwenye taa.

La pili ni usawazishaji. Kamera haijui milimita. Inajua pikseli tu, yaani vidoa vidogo vinavyoijenga picha. Mkono nao haujui pikseli; unajua milimita. Pande hizi mbili zinahitaji mkalimani. Kibao chenye miraba myeusi na myeupe, mfano wa ubao wa drafti, huwekwa chini ya kamera, kisha ncha ya mkono huelekezwa iguse nukta kadhaa zake. Programu hukokotoa uhusiano baina ya vipimo hivyo viwili. Mbinu aliyoichapisha Roger Tsai mwaka 1987 ni miongoni mwa misingi ya kazi hii. Mtu akiigonga kamera kwa bahati mbaya, usawazishaji hurudiwa.

La tatu ndilo lililobadilika sana. Zamani mtaalamu aliandika mistari mingi ya amri ili kueleza umbo la kitu. Siku hizi mtumiaji huchora kisanduku kumzunguka mgebuka mmoja kwenye skrini, kana kwamba anasema: huyu ndiye. Programu hulihifadhi umbo hilo, hulitafuta katika kila picha hata samaki akiwa amegeuka, na hutoa alama ya kiwango cha mfanano. Programu nyingine hujifunza kutokana na picha nyingi za mifano mizuri na mibaya. Kwa hakika, huu ni wepesi wa kweli.

Hata hivyo, maelezo yanayoizunguka kazi hiyo kwa kawaida huwa ni ya Kiingereza au ya lugha nyingine za viwanda. Mama anayemtambua kwa kumtupia jicho tu mgebuka wa alfajiri na yule wa jana hubidi ampitishie fundi ujuzi wake, na fundi ndiye aufikishe kwenye mashine. Alichokosa kukielewa fundi, mashine nayo haitakijua.

Kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba kazi hii si jambo la kubahatisha. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfano ulio karibu zaidi na uonaji wa mashine unatoka shambani. Nuru ni programu ya simu iliyobuniwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Huutazama muhogo, ambao ni chakula muhimu mkoani Kigoma pia, na kutambua batobato na michirizi kahawia hata pasipo intaneti. Hutumika kwa Kiswahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Nuru ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima kwa asilimia 18 hadi 31. Majani sita ya mmea mmoja yalipokaguliwa, usahihi ulipanda kufikia asilimia 74 hadi 88.

Tofauti iliyopo ni kwamba mkulima huiuliza Nuru, haifundishi. Anayeiongoza roboti huifundisha, na hukutana na maneno magumu zaidi. Mojawapo ni kizingiti, yaani alama ya mfanano ambayo chini yake samaki hukataliwa. Kikiwekwa juu mno, migebuka wazuri waliopinda mkia wataachwa mkandani. Kikiwekwa chini mno, mkono utaokota hata kipande cha wavu. Neno lenyewe halina ugeni, kwani kila nyumba ya Ujiji ina kizingiti. Kinachohitajika ni liandikwe kwenye skrini, ili anayewajua samaki akipandishe au akishushe mwenyewe.